Mwaka wa Taa ya Mkanda

Shemeji yangu Amade alizikwa Pemba, ile ya Msumbiji, mwezi uliopita, na msibani niliwasikia watu wakimsifu kwa uongo wake. Walikuwa wamekaa kwenye mikeka nje ya chumba chetu cha bati, sahani za wali zinapita, nami nazihesabu mara mbili, maana sahani za kuazima hupotea hata penye kilio. Mmoja akasimulia jinsi Amade alivyomuuzia mtu gari lisilo na gia ya nyuma, akimwambia kwamba mwanamume mwenye safari yake harudi alikotoka. Wakacheka kwa adabu, viganja mdomoni. Mwingine akasema, Mungu amrehemu, yule bwana hakuwahi kusema kweli hata siku moja kuhusu gari. Nikaziweka sahani chini. Siku moja alisema, na mimi nilikuwepo. Alisema kweli kwa sauti ya kupasua koo, mbele ya watu, jua likiwaka, na kwa kweli hiyo wakampasua sikio. Dada yangu Zainabu, mkewe, alikuwa ndani ya gari lililokuwa likisemwa, na hakushuka.

Mwaka ule nilikaa kwao Palma, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya soko. Kimoja walilala wao, kimoja nililala mimi na magunia ya mchele, na cha tatu, ambacho katika nyumba za watu ni sebule, kilikuwa cha dashibodi. Zililala juu ya mkeka zikiwa zimefunguliwa, nyaya zimezitoka kama matumbo ya samaki, na mgeni akija alitafuta pa kukanyaga. Tulikuwa tukileta pikapu kuukuu za dizeli za Kijapani kutoka upande wa Tanzania, kuvuka mto Rovuma, kwa sababu miaka ile ya kuchimbwa gesi Palma ilinunua chochote chenye magurudumu. Amade alikuwa fundi na mwenye mali. Kazi yangu mimi ilikuwa mdomo. Nilikuwa msichana wa mjini, najua kumwacha mteja aondoke mpaka kwenye kona kabla sijamwita, na nilijiona nimeshamaliza kuijua dunia. Zainabu alipika upande wa pili wa ukuta wa miti na udongo, na ukuta ule haukuzuia hata harufu ya kitunguu, sembuse maneno. Mwaka mzima alisikia kila kiapo tulichokula. Wakati wa chakula, akitugawia kisamvu, aliturudishia. Alimwambia mumewe, leo umeapa kwa mama yako marehemu, na wiki iliyopita ulimwambia yule mteja wa mbao kwamba mama ni mgonjwa, basi mzike kwanza. Amade alikula, masikio yakimcheza kwa kicheko.

Palma mteja haji kununua gari peke yake. Huja na mjomba wake. Mjomba ndiye anayekaa kwenye usukani, na wote wengine hunyamaza kama imamu amesimama. Anazungusha ufunguo nusu, taa zote za dashibodi zinawaka, anazihesabu kwa kidole. Anawasha injini, taa zinazimika, anahesabu tena. Taa inayobaki inawaka ni aibu ya muuzaji. Taa ambayo haikuwaka mara ya kwanza ni aibu kubwa zaidi, maana mtu ameing'oa. Mjomba akimaliza kuhesabu mara zote mbili na hesabu ikatulia, anatikisa kichwa, na bei inaweza kuzungumzwa. Hakuna mjomba niliyewahi kumsikia akiuliza taa ipi inasema nini. Kwao ile nyekundu ya oili, inayomaanisha zima injini sasa hivi la sivyo utalia, na ile ya njano ya mkanda, zilikuwa na uzito mmoja. Amade alinieleza tofauti yake kwa mfupa wa samaki mkononi: nyekundu inapiga kelele, njano inakumbusha tu.

Ndani ya injini kama zile kuna mkanda wa mpira unaofunga sehemu ya juu na ya chini ili zizunguke pamoja. Ukikatika, injini inazimika papo hapo, na mara nyingi vyuma vya juu vinagonga vya chini, na hapo umebaki na kitanda cha kuku. Mjapani aliweka taa ya kukumbusha. Kila kilomita laki moja inawaka, njano, na herufi zake. Lakini taa ile haiuoni mkanda. Inahesabu barabara tu. Ukiweka mkanda mpya, taa haijui mpaka uiambie, na namna ya kuiambia ni kufungua dashibodi, kutafuta skrubu moja ndogo nyuma ya mshale wa mwendo, kuitoa kwenye tundu lake na kuihamishia tundu la jirani. Taa inazimika, inaanza hesabu upya. Nyumba yetu ilikula kutokana na jambo moja dogo: skrubu inahamishika hata kama mkanda haujabadilishwa. Na gari la namna hiyo mjomba alihesabu mara mbili, akaridhika mara mbili.

Mwanzoni mwa mwaka alirudi yule bwana wa mbao. Gari alilouziwa lilikuwa limemzimikia porini na mzigo juu. Hakubisha hodi. Aliingia na mpini wa jeki, akampiga Amade mdomoni kabla hajamaliza kusema karibu, meno mawili yakaanguka kati ya nyaya, kisha akamshika nywele akawa anakigonga kichwa chake kwenye dashibodi, kioo kikapasuka, akaendelea. Nilimpiga mgongoni kwa mchi wa kutwangia, nikampiga tena, na ilikuwa kama kupiga gunia. Kilichomtoa ni Zainabu, aliyeingia na sufuria ya maji ya ugali yanachemka, akasimama nayo tu. Yule bwana akaitazama sufuria, akamtazama yeye, akatoka. Zainabu akarudisha maji jikoni, kwa kuwa unga ulikuwa unasubiri, kisha akaja kukaa chini, akakilaza kichwa cha mumewe mapajani, akaanza kumtoa vipande vya kioo kwenye nyusi kwa kucha. Alimwuliza mkanda ule ulikuwa wa lini. Amade, kupitia damu, alisema mpya. Zainabu akasema, Amade. Akasema, mpya kiasi. Tulikula ugali ule, naye alitafuna upande mmoja, na kwa heshima ya meno yake hakuna aliyemchokoza jioni hiyo.

Nasimulia kipigo kile kwa utulivu kwa sababu mwaka wenyewe ulikifanya kidogo. Watu wa Mucojo, kusini kwetu, ambako waasi walikuwa wanachoma vijiji, walianza kufika na magodoro vichwani, wakapewa vyumba kwa majirani, na kupitia ukuta uleule uliopitisha viapo vyetu tulisikia wanawake wakimweleza Zainabu mambo ya mapanga, nani alikutwa wapi na nini hakikukutwa naye. Walizungumza wakichambua mchele. Baada ya muda nilijua kutofautisha kwa sauti ya mkono ndani ya ungo: mkono ukisimama, wamefika penye mtoto. Barabarani tulimpita mtu aliyelala bila kichwa, chapa, ndizo daladala za kwetu, zikimkwepa kwa utaratibu kama zinakwepa shimo. Kwenye vizuizi vya askari madereva walipigwa mipira ya maji mgongoni kwa kuchelewa kutoa karatasi, wakapigwa tena kwa kuzitoa haraka. Sokoni mwanamke alichomwa kisu kwa ajili ya nafasi kwenye chapa ya kwenda mpakani. Na biashara yetu ikapanda. Wateja hawakutaka tena gari la kubebea wafanyakazi wala samaki. Walitaka la kukimbilia, na la kukimbilia lazima liwe na dashibodi safi. Wajomba walihesabu taa kabla ya salamu.

Siku yenyewe ilipofika tulikuwa na pikapu mbili uani. Nyeupe ilikuwa safi kama sahani ya harusi. Mkanda wake Amade alikuwa amenionyesha: umepasukapasuka kama kisigino cha kiangazi. Mikanda ilikuwa inatoka Dar na haikuwa imefika, kwa hiyo alihamisha skrubu, akafunga. Ya kijani ilikuwa kinyume chake. Mwenyewe wa kwanza, kule Mtwara, alibadilisha mkanda, fundi wake hakujua habari za skrubu, taa ikabaki inawaka. Amade alifungua akaukuta mkanda mpya, maandishi yake bado meupe. Akajaribu kuizima taa, na kichwa cha skrubu kilikuwa kimeliwa, bisibisi inateleza, akaapa na kuiacha. Wajomba kadhaa waliikalia ile ya kijani, wakaona jicho la njano linabaki, wakashuka wakipangusa makalio kana kwamba limewachafua. Nyeupe ilikuwa imepata mtu haraka, siku iliyotangulia tu. Aliitwa Saidi, kijana muuza samaki mwenye kifua kipana na aibu, na mjomba wake, mzee mwembamba wa kofia, alihesabu taa zake mara mbili, halafu kwa furaha akahesabu mara ya tatu. Saidi aliuliza kuhusu mkanda. Amade akasema mpya. Tulimpa ufunguo, akaenda kutafuta dizeli.

Milio ya bunduki ilianza baada ya swala ya adhuhuri, kwanza upande wa uwanja wa ndege, halafu upande wa barabara, halafu haikuwa na upande. Moshi ulipanda sokoni. Mtu alikimbia mbele ya ua wetu akishikilia tumbo lake kwa mikono miwili, akaanguka penye karo, na hakuna aliyesimama. Majirani walijua nyumba yetu ina magari. Waliruka ukuta, wakaingia, na Saidi akaja na mjomba wake na dumu la dizeli, akalimimina katika ile nyeupe huku watu wakipanda bodi lake kwa viwiko na meno. Niliona mwanamume akimvuta bibi kizee chini kwa mtandio. Wanawake wa Mucojo walimkumba Zainabu, wakamsukuma kiti cha mbele, kwa kuwa walimpenda.

Amade alitoka chumbani, akaona, akaenda kusimama mbele ya ile nyeupe na mikono yote miwili juu ya boneti. Akasema hii ni mbovu, pandeni ya kijani. Hawakusikia. Akapaza sauti mpaka ikamkatika. Alisema mkanda umeoza, haufiki Nhica kule mtoni, alisema amehamisha skrubu tu, akaeleza na tundu, kwa vidole, akiwaonyesha hewani. Mimi nikasema ndivyo, nikasema nimeuona mkanda kwa macho yangu. Walinitazama kama ninavyojua kumtazama mtu aliyepandisha bei.

Saidi akatoa kichwa dirishani. "Kaka Amade, jana ulisema mpya."

"Jana nilikuwa nauza."

"Na leo unafanya nini?"

Hapo mjomba akanyanyua mkono, na wallahi watu wakatulia. Risasi zinapita juu ya mabati, na yule mzee akazungusha ufunguo nusu, akahesabu taa. Akawasha injini, akahesabu tena. Safi. Akashuka, akatembea hadi ile ya kijani, akakaa, akazungusha, akahesabu, akawasha, na jicho la njano likabaki pale pale. Akarudi bila haraka. Akasema kwamba bwana huyu anataka kubaki na gari zima atupe sisi bovu, na kwamba muuzaji akianza kuikandia mali yake mwenyewe, ameshaamua kuondoka nayo. Hukumu ilikuwa hiyo. Wakamvaa Amade. Mmoja alimpiga spana ya magurudumu kwenye sikio, nikaona sikio likifunguka, akaanguka, wakamkanyaga mbavu ili wamtoe njiani, na Saidi naye alishuka akampiga teke, kisha jingine. Mimi niliuma mkono wa mtu mpaka nikasikia chumvi. Amade akatambaa, akasimama, akaufikia mlango wa mbele. Damu ilikuwa inamwingia shingoni. Alisema kwa sauti ya chini, ile aliyoitumia chumbani kwao tu.

"Zainabu, mke wangu, shuka. Hii haifiki."

Dada yangu alimtazama. Sikuona hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyesikia kitu hicho hicho kupitia ukuta mwaka mzima.

"Amade, usinifanye mteja," akasema, na pikapu ikaondoka.

Tuliobaki tulipanda ya kijani kwa kukosa nyingine, na kwa uzoefu wangu hivyo ndivyo mauzo mengi hufanyika: vikongwe watatu, mwanamke mwenye risasi pajani, na mzee mmoja aliyekuwa haoni na hivyo hakuwa na neno na taa. Amade aliendesha kichwa kimeinama upande, kama anayesikiliza kitu chini ya usukani. Penye nyumba za mwisho waasi walitutokea. Walifyatua, na bibi mmoja nyuma akakaa vizuri zaidi, akaegemea, na tulijua baadaye kwamba alikuwa amekufa. Kijana mwenye panga alirukia bodi akashika mlango wa nyuma, nami nilikuwa nyuma, nikampiga vidole kwa spana ile ile iliyompiga Amade, niliyoiokota uani, mpaka vikaacha. Alikuwa mdogo. Alishangaa. Kisha mchanga, mihogo, mchanga. Nilipopita mbele kupitia dirisha lililovunjika, yule mwenye jeraha pajani alinishika akaniuliza mbona taa ile imewaka. Nikamwambia inakumbusha.

Tulimwona kutoka mbali katikati ya barabara. Kwanza niliona capulana, kanga ya Zainabu. Alikuwa amelala ubavu, uso umeelekea tunakotoka sisi, viatu vyake viko mkononi, kama mtu aliyevivua ili atembee upesi. Shingo sitaieleza. Amade alisimamisha gari bila kuzima injini. Tulimnyanyua, yeye mabega, mimi miguu, na wale vikongwe wakasogea bila kuambiwa, wakamweka kati yao na yule aliyekufa ameketi. Sikuelewa anafanya nini hapo, peke yake, anarudi. Niliwaza kwamba walimshusha, na niliwachukia wote kwa majina.

Mbele kidogo, kwenye kona, ile nyeupe ilikuwa imesimama milango wazi. Mjomba alikuwa kwenye usukani na ufunguo mkononi, na kofia yake imejaa damu. Wengine walilala walipoanguka. Saidi akatoka kwenye mihogo akishikilia mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, maana ulikuwa umebaki kwa ngozi. Alipoona ni Amade aliyeko kwenye usukani, alisimama, akainamisha kichwa. Alikuwa anangoja tumpite. Mimi ningempita. Nasema hivyo bila kuona haya, nilikuwa na dada yangu nyuma. Amade akanyoosha mkono akafungua mlango.

"Panda," akasema.

Wakaanza kutoka wengine mihogoni. Niliwahesabu, na nilipohesabu mara ya pili walikuwa wengi zaidi, kwa sababu bado walikuwa wanatoka. Pikapu ile ya kijani ilibeba watu ambao hakuna mjomba angekubali ibebe, ikakohoa kwenye mchanga, ikaenda, na jicho lake la njano halikufumba hadi Nhica.

Tulimzika Zainabu huko alasiri, karibu na mihogo ya mtu tusiyemjua, aliyetuazima jembe na kusimama pembeni akilingojea. Mwalimu wa madrasa alisema aliyeuawa hivi haoshwi. Amade alikataa kusaidiwa kuchimba. Kila alipoinama damu ilianza upya sikioni na kudondokea mchanga. Saidi alikuwa ameketi ukingoni, mkono umefungwa kwa shati, uso wa kijivu. Hatimaye akasimulia. Alisema injini ilipiga mlio mmoja kama kamba inayokatika, ikanyamaza. Wanaume walishuka kusukuma, mjomba alibaki anazungusha ufunguo, anazungusha tena. Zainabu alishuka polepole akavua viatu. Walimwita aingie mihogoni pamoja nao, walikuwa wanawaona watu wanakuja, wakamvuta mkono. Akautoa. Akashika njia ya kurudi.

"Alikuwa anaenda wapi?" nikauliza, kwa kuwa Amade hakuuliza.

"Kwake," Saidi akasema, akimwonyesha Amade kwa kidevu. "Alisema, huu ni mkanda. Mume wangu alisema kweli. Anakuja na ile ya kijani, niacheni nikamwambie."

Jembe likasimama. Mchanga ulianza kuporomoka taratibu kurudi shimoni. Amade alimgeuzia Saidi sikio lililobaki zima.

"Rudia."

Saidi akarudia, neno kwa neno, akilia sasa.

"Alisema nilisema kweli, au alisema labda nilisema kweli?"

"Hakusema labda, kaka."

Amade alifikiri, kama alivyokuwa akifikiri penye bei ya mwisho. Kisha akainama, akautoa ule mchanga ulioporomoka, akaendelea kuchimba.